Ulaghai kwa Njia ya Posta: Kuielewa Sheria ya Marekani na Kumtetea Mshtakiwa kwa Haki





Nimeombwa niwaeleze juu ya shtaka moja linalosikilizwa katika mahakama za serikali ya shirikisho ya Marekani, yaani shtaka la ulaghai kwa njia ya posta. Pengine mtauliza: sisi tunahusikaje na posta ya Marekani? Tunahusika. Ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wanaishi huko, wengine wakiwa wakimbizi, wengine wafanyakazi au wanafunzi. Huko wanachangishana fedha, wanaunda vikundi vya akiba, wanauziana viwanja vilivyoko nyumbani, wanajaza fomu za bima na za misaada. Katika kila shughuli ya namna hiyo hutumwa barua na hupokewa fedha, na hapo ndipo sheria hii inapoingia. Tena ndugu akishtakiwa kule, jamaa walioko huku ndio wanaopigiwa simu usiku na kuulizwa: tufanye nini?

Maneno yangu hayachukui nafasi ya wakili. Shabaha yangu ni kuondoa hofu inayotokana na kutojua, kwa maana mtu asiyeijua sheria hujidhuru mwenyewe kabla hakimu hajafungua kinywa.

Sheria yenyewe

Sheria hii ilitungwa na Bunge la Marekani mwaka 1872, na leo inasomeka katika kifungu cha 1341 cha Sehemu ya 18 ya sheria za nchi hiyo. Wizi na ulaghai wa kawaida kule hushughulikiwa na kila jimbo kwa sheria zake. Lakini posta ni mali ya serikali kuu. Kwa hiyo mlaghai anapoitumia posta, serikali kuu hupata mamlaka ya kumshtaki. Mwaka 1994 sheria ilipanuliwa ili ihusu pia vifurushi vinavyobebwa na makampuni binafsi. Tangu mwaka 1952 iko pia sheria pacha, kifungu cha 1343, inayohusu simu, redio na, siku hizi, mawasiliano ya intaneti.

Ili mtu atiwe hatiani, serikali lazima ithibitishe mambo manne, bila kuacha shaka yoyote ya maana.

Kwanza, ulikuwapo mpango wa kulaghai ili kupata fedha au mali ya mtu mwingine. Sheria huhesabu pia hongo anayopokea mtu aliyepewa dhamana ya kazi, naye akawasaliti aliowatumikia. Lakini mwaka 2010, katika shauri la Skilling, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilisema kwamba tawi hilo la sheria haliendi mbali kuliko hongo na bakshishi za siri.

Pili, uongo uliosemwa ulikuwa na uzito, yaani uliweza kumshawishi mtu atoe fedha zake. Hivyo ndivyo mahakama hiyo ilivyoamua katika shauri la Neder, mwaka 1999.

Tatu, mshtakiwa alikuwa na nia ya kulaghai. Hapa ndipo penye kiini cha shauri lote. Kukosea hesabu, kufilisika au kushindwa biashara si jinai. Mtu aliyeamini kwa moyo mnyofu kwamba anasema kweli hana nia ya kulaghai. Hata hivyo tuwe waangalifu: kutumaini kwamba mradi utafaulu kesho hakumsafishi mtu aliyedanganya leo ili apate fedha za watu. Na tangu shauri la Durland, mwaka 1896, imekuwa wazi kwamba ahadi itolewayo na mtu asiyekusudia kuitimiza nayo ni ulaghai.

Nne, posta ilitumika katika kuutekeleza mpango huo. Si lazima barua yenyewe iwe na uongo, wala si lazima mshtakiwa aitie sanduku la posta kwa mkono wake. Katika shauri la Schmuck, lililoamuliwa mwaka 1989, mfanyabiashara wa jimbo la Wisconsin alirudisha nyuma saa za maili za magari makuukuu na kuyauza kwa wenye maduka ya magari. Barua zilizomtia hatiani zilikuwa fomu za umiliki ambazo wenye maduka hao walizituma serikalini. Hazikuwa na uongo wake, lakini bila hizo biashara yake isingeendelea.

Kila barua huweza kuwa shtaka peke yake. Adhabu ya juu kwa kila shtaka ilikuwa miaka 5. Tangu mwaka 2002 ni miaka 20, na hufika 30 ikiwa ulaghai umeigusa benki au misaada ya maafa. Zaidi ya hayo, mwenye hatia huamriwa kuwarudishia waliodhulumiwa hasara yao.

Funzo la Marcus Garvey

Ndugu zangu, shauri mojawapo linaloelimisha sana ni la Marcus Garvey, Mjamaika aliyewaita watu weusi wa dunia nzima wasimame kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya meli iitwayo Black Star Line, akauza hisa kwa dola 5 kila moja. Wanunuzi walikuwa hasa watu wa kipato kidogo. Meli zilikuwa mbovu, uendeshaji ulikuwa dhaifu, na kampuni ikaanguka.

Mwaka 1922 Garvey alikamatwa pamoja na wenzake watatu kwa shtaka hili hili la posta. Serikali ilionyesha kijitabu cha matangazo chenye picha ya meli ambayo kampuni haikuwa nayo bado. Bahasha iliyoletwa mahakamani kuthibitisha shtaka lililomfunga ilikuwa tupu, na shahidi aliyeipokea hakuweza kukumbuka barua gani ilikuwamo. Garvey alikuwa amemwondoa wakili wake akajitetea mwenyewe. Mwezi Juni 1923 wenzake watatu waliachiliwa, naye peke yake akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 1,000. Aliingia gerezani Atlanta mwaka 1925. Mwaka 1927 Rais Coolidge alimpunguzia kifungo, akafukuzwa nchini. Alifariki London mwaka 1940. Tarehe 19 Januari 2025 Rais Biden alimpa msamaha, miaka 84 na zaidi baada ya kifo chake.

Tunajifunza nini? Kwamba sheria iliyotungwa kuwalinda wanyonge huweza pia kutumiwa dhidi ya mtu asiyependwa na wenye mamlaka. Kwamba anayejitetea bila wakili huingia vitani bila ngao. Na tena kwamba picha moja isiyo ya kweli katika tangazo huweza kubomoa kazi ya miaka mingi. Wala tusiwasahau wanyonge waliotoa dola zao tano tano wasizione tena.

Mshtakiwa afanye nini?

Kwanza, anyamaze na aombe wakili. Wapelelezi wa posta wakibisha hodi, mtu ana haki ya kusema kwa heshima: “Nitazungumza mbele ya wakili wangu.” Katiba ya Marekani haimlazimishi mtu kujishuhudia mwenyewe. Asiye na uwezo wa kulipa hupewa wakili na mahakama, kama ilivyothibitishwa katika shauri la Gideon mwaka 1963. Asiyeelewa Kiingereza vizuri aombe mkalimani. Ni haki yake katika mahakama hizo.

Mkristo mmoja ataniuliza: “Padre, kunyamaza si kusema uongo?” La, sivyo. Bwana wetu alinyamaza mbele ya Herode na mbele ya Pilato, wala hapakuwa na hila kinywani mwake. Lakini kumwambia mpelelezi wa serikali kuu neno la uongo katika jambo lenye uzito ni dhambi, na kwa sheria yao ni kosa jingine la jinai, hata kama shtaka la kwanza halikuthibitika.

Pili, asichome wala kuficha karatasi yoyote, wala asiwaendee mashahidi kuwapangia maneno. Kuharibu ushahidi kwa makusudi kunaweza kumletea kifungo cha miaka 20. Badala yake akusanye stakabadhi, daftari za hesabu na barua zote, azikabidhi kwa wakili. Mara nyingi daftari lililotunzwa vizuri ndilo shahidi bora wa nia njema.

Tatu, yeye na wakili wayapime yale mambo manne, moja baada ya jingine. Je, uongo ulikuwapo? Ulikuwa na uzito? Mshtakiwa alijua, au alitumiwa na mwenzake? Posta ilihusika kweli? Muda wa kushtaki, ambao kwa kawaida ni miaka 5, umepita? Jambo moja likikosa kuthibitishwa, shtaka linaanguka. Si mshtakiwa anayepaswa kuthibitisha kwamba hana hatia.

Nne, asikubali mapatano ya kukiri kosa kabla hajaelewa matokeo yake. Kesi nyingi za serikali kuu huishia katika mapatano hayo. Mwenye hatia akikiri anatenda vema. Asiye na hatia asikiri kwa kuchoka. Kwa mgeni asiye raia hatari ni kubwa zaidi: hasara ya ulaghai ikizidi dola 10,000, huweza kurudishwa kwao na kufungiwa mlango. Tangu shauri la Padilla, mwaka 2010, wakili analazimika kumweleza mteja wake jambo hilo. Amwulize waziwazi.

Wajibu wetu

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili wenye heshima walimshitaki Susana, na mkutano mzima ukaamini kwa sababu walikuwa wazee. Danieli hakupiga kelele tu kwamba mama huyu ni mwema. Aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja swali lile lile, na majibu yao hayakulingana. Hayo ndiyo matetezi ya haki: kuuliza, kusikiliza na kupima. Amri ya nane hutukataza kumhukumu jirani kwa fununu. Basi ndugu akishtakiwa, jumuiya isimtenge wala isimtangazie hatia. Wala, kwa upande mwingine, isimfiche wala isimtungie ushahidi.

Naye aliyelaghai kweli, amri ya saba yamngoja. Toba bila kurudisha kilichochukuliwa haijatimia. Zakayo alilijua hilo bila kuambiwa na mahakama.

Kwa sisi tunaochangisha fedha, katika vikundi, katika vyama na hata parokiani: tuandike kila senti, tusomee watu hesabu, tusitangaze kisima ambacho hakijachimbwa wala nyumba ambayo haijajengwa kana kwamba ipo. Ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kushtakiwa kwa makosa, lakini atakapoulizwa nia yake, daftari lake litajibu pamoja naye.

Mungu awape nguvu walioonewa, awaongoze waliokosa, na awajalie mahakimu moyo wa kusikiliza.