Pishi ya Leo

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, mstari wa 25 hadi wa 34. Aliye na Biblia karibu na aifungue, hata kama chai iko jikoni.

Fungu hili twalijua tangu shule ya Jumapili. Ni lile la ndege na maua ya shambani. Lakini tukisema kweli, wengi wetu tukilisikia huona kana kwamba tumekemewa. Januari imefika, barua ya shule yataka karo, sare, godoro na sanduku la bati, na mahindi yaliyo ghalani tukiyauza yote hayatafika nusu. Kisha mhubiri asimama kutuambia tusiwe na wasiwasi. Twaitikia amina, twarudi nyumbani na mzigo ule ule, tena juu yake tumetwikwa aibu ya kudhaniwa hatuna imani.

Basi na tuliangalie neno lenyewe. Neno la Kiyunani lililotumiwa hapa kwa kusumbuka ndilo Bwana alilomwambia Martha katika Luka mlango wa 10, alipokuwa akihangaika na utumishi mwingi. Ndilo Paulo alilowakataza nalo Wafilipi katika mlango wa 4. Lakini Paulo huyo huyo, katika waraka huo huo, mlango wa 2, atumia neno hilo kumsifu Timotheo, kwamba hana mwingine kama yeye wa kuwajali Wafilipi kwa moyo wa kweli. Na katika 2 Wakorintho 11 akiri kwamba yeye mwenyewe hulemewa kila siku kwa kuyafikiria makanisa yote.

Mwaona, ndugu? Kujali si dhambi. Mama asiyeshtuka mtoto wake akishikwa na homa usiku, hatumsifu kwa imani. Ubaya huanza pale kujali kunapohama mahali pake, kukaenda kukaa katika siku ya kesho, ambako mikono yetu haifiki, huku kazi ya leo imelala.

Kumbukeni mana jangwani, Kutoka mlango wa 16. Kila mtu alipewa pishi moja kwa siku. Wale walioogopa wakabakiza, asubuhi waliikuta imeoza na mabuu wanatambaa ndani yake. Lakini siku ya sita waliamriwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Mkulima akitenga mbegu ya msimu ujao afanya vema. Hata ndege aliowataja Bwana hawakai kiotani midomo wazi. Mtazameni mnana mtini, jinsi anavyokwenda na kurudi na majani mdomoni tangu alfajiri.

Yuko baba mmoja katika kanisa tunalolihudumia ambaye binti yake aliitwa shule ya bweni. Majuma matatu hakulala. Alihesabu mbuzi wake gizani kana kwamba wataongezeka. Mkewe hakuambiwa neno. Alichopata ni ukali tu, na watoto wakajifunza kunyamaza wasikiapo hatua zake mlangoni. Hivyo ndivyo wasiwasi ufanyavyo nyumbani. Twaufikiri ni upendo kwa watoto wetu, kumbe wao ndio wa kwanza kuumia.

Mwishowe alimweleza mkewe, nao wakaja kwa wazee wa kanisa. Tulipoomba hatukuomba kwa mafumbo. Tulimtajia Mungu kiasi chenyewe cha fedha. Kulipopambazuka alikwenda kwa mwalimu mkuu, jambo aliloliogopa siku zote zile, akaomba kulipa kidogo kidogo. Alikubaliwa. Deni bado lipo. Ila sasa walijua wawili, na yule baba hulala.

Labda wewe usikilizaye shida yako si karo. Wangoja majibu ya daktari. Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, maana wako wanaowaahidi wagonjwa yale ambayo Mungu hakuyaahidi. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, hajui atauawa au atafunguliwa. Epafrodito, aliyemletea zawadi yao, aliugua nusura afe. Paulo hakujifanya jiwe: aandika wazi kwamba mwenzake angalikufa, huzuni yake ingalikuwa juu ya huzuni. Epafrodito alipona. Wengine tuliowaombea hatukurudi nao nyumbani, na hatukuomba kwa imani haba.

Lililoahidiwa katika Wafilipi 4:7 ni amani ya Mungu kuilinda mioyo yetu, na neno hilo la kulinda ni la askari wanaoulinda mji. Wafilipi walilielewa upesi, kwa maana mji wao ulikaliwa tangu zamani na askari wastaafu wa Kirumi. Askari hawekwi lindo mahali pasipo na adui. Huwekwa langoni kwa sababu adui yuko nje.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mtajie Mungu jambo moja linalokukosesha usingizi, kwa jina lake. Kama yuko wa kuambiwa nyumbani, mwambie. Kisha ujiulize ni kipi kati ya hayo kinachoweza kufanywa kesho kabla ya jua kuwa kali.

Na tuombe. Ee Baba, wawajua walio macho usiku huu kwa sababu ya karo, ya shamba lililokauka, ya mwana asiyepiga simu, ya kitanda cha hospitali. Twayaweka mikononi mwako tusiyoweza kuyafikia. Utupe nguvu za kazi ya asubuhi, na usiku huu utupe usingizi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.