Mche wa Kuombwa Haukosi Kukaguliwa



Mkulima wa Bukoba au Muleba aanzishapo kibanja huomba machipukizi ya migomba kwa jirani, na jirani aliyetoa habakii maskini. Programu huria za kompyuta hujengwa kwa desturi iyo hiyo. Mtaalamu haandiki kila kitu upya. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, viitwavyo moduli, akaviunga katika kiunzi kimoja. Maandishi ya ndani, yaani msimbo, huachwa wazi ili yeyote ayasome na kuyarekebisha.

Zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, na hesabu za kila mwezi huishia katika mfumo wa DHIS2. Mfumo huo huria uliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaurekebisha ulingane na mahitaji ya nchi, na kufikia 2013 ulikuwa umeenezwa Tanzania Bara. Leseni yake hailipiwi. Mafunzo na mitambo hulipiwa, jambo ambalo wapenda neno "bure" hulisahau upesi. Januari 2020 Sri Lanka ilitunga kipande cha kufuatilia wasafiri wakati wa korona, na nchi nyingine zikakichukua badala ya kuanza upya.

Hata hivyo, wakulima wa Kagera wanaujua upande wa pili. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Muleba, na miche iliyopeanwa kwa wema ni mojawapo ya njia za kuueneza. Vivyo hivyo, Desemba 2021 kasoro kubwa ilifichuliwa katika Log4j, kipande huria kilichokuwa ndani ya programu nyingi mno duniani. Ofisi nyingi hazikujua hata kwamba zinacho. Kukitafuta na kukibadilisha kulihitaji watu wanaojua kilichomo ndani ya programu zao.

Watu hao ndio haba. Homa ya Marburg ilipothibitishwa wilayani Bukoba, Machi 2023, taarifa zilitakiwa kila siku, si kila mwezi. Halmashauri ambayo ofisa wake anajua kujaza fomu tu, hajui kuiunda, hubaki ikimngoja mgeni. Hapana budi kila halmashauri iwe na vijana wake wa kazi hiyo. Mwalimu wa kompyuta anayeishia kufundisha kuchapa barua amefundisha nusu ya somo. Wanafunzi na wapewe kipande kimoja huria, wakisome, wakibomoe na kukiunga tena.