Leo Sitanii: Namna ya Kumkabili Mwanaume Anayefikiria Kujiua, Kilwa na Pwani ya Lindi



Mwanaume wa pwani yetu akikosa raha, tunamwuliza habari za kazi. Bahari ikoje? Ufuta umelipa? Habari za moyo wake hatuziulizi. Naomba leo tulizungumzie swali tunalolikwepa: kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua.

Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Shirika la Afya Duniani linasema sivyo. Kuulizwa humpunguzia mtu mzigo. Kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani hujiua, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake.

Kwetu wazo la kujiua husemwa kwa kuzunguka. "Nimechoka na dunia." "Wanangu nawaachia nyie." Mwingine anagawa nyavu zake, au anaacha kufika barazani na msikitini. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kule Somanga. Katika msimu kama ule, aliyepoteza chombo au shamba huku mkopo ukimngoja huambiwa ajikaze. Neno hilo ndilo linalomfunga mdomo.

Nani amwulize? Kusini tuna hazina: utani. Mtani huingia msibani akasema ambayo ndugu wa damu hathubutu kuyatamka. Ruhusa hiyo itumike hapa, ila mzaha ubaki nje. Amchukue pembeni, mbali na mke na watoto, amwambie: "Mtani wangu, leo sitanii. Nakuona hulali, huli. Unafikiria kujiua?" Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Jibu likiwa ndiyo, asihubiri. Masheikh mliopo mtaniwia radhi: hukumu ya dini ameijua tangu madrasa, saa ile anahitaji mtu wa kukaa naye.

Asiachwe peke yake. Dawa za kupulizia mikorosho zitoke nyumbani, zifungiwe kwa jirani au kwenye ghala la chama cha msingi. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana. Halafu mtu ampeleke hospitali, Kinyonga kule Kivinje au Sokoine mjini Lindi, aingie naye kwa daktari. Kumwambia "nenda" hakutoshi.

Familia nyingi huficha jambo hili kwa hofu ya polisi, kwani kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba yao. Nasi tukiondoe chetu. Mgonjwa hatibiwi kwa mashtaka. Watendaji wa vijiji mliopo, mkiitwa usiku, tafuteni kwanza usafiri wa kumfikisha hospitali.

Akirudi nyumbani kutoka hospitali, wiki za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote, nazo ndizo tunazosema "mwacheni apumzike". Kabla hajaruhusiwa, mtani, shemeji na mhudumu wa afya wa kijiji wapangiane zamu ya kumtembelea, na mmoja wao awe na tarehe yake ya kurudi kliniki.