Homa Inayoondoka na Kurudi



Askari wa Kinama akishikwa na homa, neno la kwanza kinywani mwake ni malaria. Mara nyingi husema kweli, maana mbu wa Bujumbura hawajui likizo. Lakini iko homa nyingine ijifichayo nyuma ya jina hilo, nayo ni homa ya papasi.

Papasi ni jamaa ya kupe, ila yeye hamngoji ng'ombe malishoni. Makao yake ni nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurejea ufani. Aliyeumwa pengine hana habari. Aweza kukaa miaka bila chakula, na huwarithisha watoto wake vijidudu kwa njia ya mayai. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani, ambayo askari wa doria huiona malazi ya bahati, yaweza kuwa na wenyeji wenye njaa.

Elimu hii ilinunuliwa kwa roho ya mtu. Mwaka 1905, huko Kasongo, magharibi ya Ziwa Tanganyika, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, mwenye umri wa miaka 30, alifariki kwa homa ile ile aliyokuwa akiichunguza.

Hila yake ni hii. Yapata wiki moja baada ya kuumwa, homa hupanda ghafula, kichwa na viungo huuma, na pengine mtu hutapika. Baada ya siku chache hushuka yenyewe. Aliyekwisha kumeza dawa ya malaria huisifu dawa, na mkubwa wake humrudisha zamu. Wiki ikipita, homa hiyo tena! Kwa mke mjamzito yaweza kuharibu mimba.

Damu itolewe wakati homa imepanda, ipimwe kwa darubini. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni mdudu huyu. Dawa yake ni tetrasaikilini au doksisaikilini, ingawa wajawazito na watoto wadogo hupewa nyingine. Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa aweza kutetemeka vibaya na nguvu ya damu kushuka, hata kuhatarisha maisha. Basi isimezwe kwa siri kambini, bali mbele ya mganga.

Na ukifika zahanati, usianze kwa kutaja jina la ugonjwa. Eleza kwanza ulilala wapi katika wiki mbili tatu zilizopita, na kama ulilala chini.