Mji unaokua na njia ya maji
Maneno yaliyosomwa mbele ya Wakristu na wageni, sikukuu ya Yubile, Rurambo



Siku ya Yubile ni desturi kuhesabu matofali na mabati, na kuwashukuru mafundi. Tunawashukuru kweli. Lakini tumeombwa kusema juu ya ujenzi, nasi tumechagua kazi inayotangulia tofali la kwanza: kuchagua mahali. Watoto wetu wanateremka Uvira kutafuta masomo, kazi na usalama, na mji ule unapanuka bila kumngoja mtu. Kwa hiyo tunawasimulia maisha ya mtu aliyekabidhiwa mji uliokuwa ukipanuka vivyo hivyo.

Mtu huyo ni Ernst May, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Mwaka 1925 mji wake ulimweka kuwa mkuu wa majengo yake yote. Vita vya 1914-1918 vilikuwa vimeacha watu wengi bila makao. Kwa muda wa miaka 5, yeye na wenzake walisimamisha nyumba zaidi ya 10,000. Walitengeneza vipande vya kuta kiwandani, wakajali jua liingie, mama apate jiko jema, na jamaa ipate bustani. Tunalolisifu zaidi ni kartye ya Römerstadt, kando ya mto Nidda. Mtu mwenye haraka angalijaza nyumba bondeni. May aliziweka juu, nyuma ya kuta imara, na bonde akaliachia bustani. Penye bustani mto ukijaa unakuta mboga. Penye nyumba unakuta watoto waliolala.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi kuchora miji mipya ya viwanda. Alipotoka huko, Ujerumani ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Hitler, naye hakurudi. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akalima karibu na Arusha, halafu akafungua ofisi Nairobi. Wakati wa vita ya pili Waingereza walimfunga kwa kuwa mtu wa taifa adui. Baadaye, huko Moshi, alichora nyumba kubwa ya ushirika wa Wachagga, wakulima wa kahawa. Na mwaka 1945 alipewa kazi ya kuchora upanuzi wa mji wa Kampala, kwenye vilima vya Kololo na Naguru.

Hapa tuseme ukweli wote. Ramani ya Kampala ilifuata desturi ya ukoloni: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, Waafrika mahali pao. Mtu aliyejua kuuheshimu mto alikubali kuwatenga wanadamu. Alirudi Ujerumani katika miaka ya 1950, akafa mwaka 1970. Tujifunze kwake mambo mawili, moja la kufuata na moja la kukataa.

La kufuata linatuhusu sana. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulijaa na kupita katikati ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika. Kisha ziwa Tanganyika nalo likapanda, likaingia katika nyumba za pwani. Kati ya mlima na ziwa, Uvira ni mji mwembamba. Maskini hukuta parsele pale tu ambapo wengine waliogopa kujenga. Tusimlaumu maskini. Tuulize ni nani aliyempimia parsele ile na kupokea feza yake.

Nasi watu wa milimani tuna sehemu yetu. Maji yanayoangamiza bondeni yalikwisha kupita kwanza penye miteremko iliyo wazi, isiyo na miti. Kila shirika lipande na kulinda miti kandokando ya vijito. Salongo moja ya namna hiyo ni ujenzi pia. Na kijana anayenunua parsele Uvira, kabla ya kutoa feza, awaulize wazee wa mahali: maji yalipita wapi?

La kukataa ni kupanga mji kwa kutenga makabila. Katika kartye mpya, Mvira, Mfuliiru, Mbembe, Munyamulenge na mgeni wachote kwenye bomba moja.

Kanisa tunaloliadhimisha leo lilijengwa na mikono mingi. Mikono ile ile na iwaachie watoto mahali salama pa kulala.