Keki Isiyo na Yai

Leo mazungumzo yetu yaanzia jikoni, na twawaomba akina baba wasizime redio, kwa maana nao pia hula keki.

Somo letu linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 17. Habari yenyewe mwaijua. Ulikuwa wakati wa ukame, na nabii Eliya alitumwa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, kwa mama mjane. Akamkuta langoni akiokota kuni. Akamwomba maji ya kunywa, kisha akamwomba na kipande cha mkate. Mama yule akamweleza hali yake bila kuficha: hakuwa na mkate, ila unga wa kujaa konzi na mafuta kidogo, naye alikuwa akienda kupika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Hata hivyo nabii alimwomba amfanyie yeye kwanza mkate mdogo, naye akaufanya.

Sasa angalieni vitu vilivyokuwa katika nyumba ile. Unga, mafuta, maji, na kuni chache. Yai halitajwi. Maziwa hayatajwi, wala siagi. Sisi kina mama wa kanisa letu tumeisoma habari hiyo mara nyingi, na hata tumeifundisha, lakini jambo hilo hatukuliona. Aliyetufungua macho ni mtoto wa miaka sita.

Kanisani kwetu kuna Jumapili moja kila mwaka ambapo watoto wa shule ya Jumapili hupewa zawadi zao, na baada ya ibada sisi kina mama huwaandalia chai na keki. Tulijivunia sana keki zetu. Mayai hatukuyahesabu kwa ubahili, na siagi tuliitia mpaka karatasi ya kufunikia ikawa inang'aa. Lakini kila mwaka mtoto huyo aliketi kwenye benchi la karibu na mlango, akila kiazi kitamu ambacho mama yake alikuwa amekifunga katika kitambaa. Mama alikuwa ametuambia kwamba mwili wa mwanawe haukubali mayai wala maziwa. Tulisikia, lakini hatukuamini. Kando kando tulinong'ona kwamba mtoto anadekezwa, na kwamba mama mtu anajiona.

Mwaka mmoja, mama alipotoka nje kuteka maji, mmoja wetu alimpa mtoto yule kipande cha keki. Twasema mmoja wetu, wala hatumtaji, kwa sababu wengine wote tulikuwa tumewaza jambo lile lile. Alimpa kwa upendo, akimwambia kwamba kipande kidogo hakiwezi kumdhuru mtu. Chai haijaisha, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, ngozi imetoka vipele, na kifua kikalia kama mvukuto. Jirani mwenye gari alimkimbiza hospitali pamoja na mama yake. Akadungwa sindano, na kufikia jioni alikuwa akipumua vizuri. Tukamshukuru Mungu.

Lakini Jumapili iliyofuata benchi lao lilikuwa tupu. Na iliyofuata hiyo, tupu vilevile.

Jumapili ya tatu tulikwenda wanne kumwomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa chai ya rangi, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alituuliza swali moja tu: "Mama zangu, ninyi mnaojua kupika hivyo, mbona hamjaniuliza hata siku moja mtoto wangu anakula nini?"

Ndugu msikilizaji, hatukuwa na jibu. Tuliangalia vikombe vyetu.

Tangu siku ile tumejifunza mambo ambayo yafaa kila mzazi na kila mwalimu wa shule ya Jumapili ayajue. Hali hiyo huitwa mzio. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, hukosea ikakipokea chakula kizuri kama adui. Mayai na maziwa ya ng'ombe ni miongoni mwa vyakula ambavyo huwaletea watoto wadogo mzio mara nyingi. Si kudeka, wala si tabia mbaya. Kwa mtoto mwenye mzio mkali hata kiasi kidogo kinaweza kuleta hatari, na kuoka hakuondoi hatari hiyo kwa kila mtoto. Mtoto akivimba midomo au uso na kuanza kupumua kwa shida, asisubiriwe; apelekwe hospitali upesi. Tena mzazi asijiamulie mwenyewe kumnyima mtoto mayai na maziwa bila kuonana na daktari, kwa maana kwa mtoto ambaye mwili wake wavikubali, hivyo ni vyakula vyema sana.

Basi tukamwuliza mama huyo swali ambalo tulipaswa kumwuliza zamani. Akatuambia kwamba mwanawe hula unga wa ngano bila shida, na sukari, na mafuta ya alizeti, na kakao isiyochanganywa na maziwa. Tukatazamana. Je, kwa vitu hivyo keki yaweza kuumuka?

Yaweza. Wala si jambo jipya. Huko Marekani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na tena katika dhiki ya miaka ya 1930, akina mama walioka keki bila mayai, maziwa wala siagi, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa adimu au ghali. Uingereza nako chakula kiligawiwa kwa vipimo tangu 1940 hadi 1954, na kulikuwa na miaka ambayo mtu mzima alihesabiwa yai moja tu kwa juma. Watu wakajifunza kuoka kwa vilivyokuwapo. Siku hizi wapo pia watu walioamua kutokula kitu chochote kitokacho kwa mnyama, na wapo majirani zetu Wahindi wengi wasiokula mayai kwa sababu ya dini yao. Keki ya namna hii yaweza kuwekwa mbele yao wote.

Haya, chukueni kalamu. Twawapa vipimo kama tulivyovitumia.

Unga wa ngano wa kawaida, kikombe kimoja na nusu. Sukari, kikombe kimoja. Unga wa kakao, vijiko vitatu vikubwa. Soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chai. Twasema soda ya kuokea, ile nyeupe laini ya pakiti. Si soda ya chupa, wala si magadi yale ya kulainishia maharagwe. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Vitu hivyo vikavu vichungwe na kuchanganywa vizuri. Kisha tieni mafuta ya alizeti, vijiko vitano vikubwa. Siki, kijiko kimoja kikubwa. Vanila kijiko kimoja cha chai, kama ipo. Na maji baridi kikombe kimoja. Korogeni mpaka unga mkavu usionekane tena, basi, mwache. Ukikoroga sana unga wa ngano huvutika, na keki huwa ngumu.

Mimineni katika chombo kilichopakwa mafuta, chenye upana wa sentimita 20 hivi. Mwenye tanuri aoke kwa digrii 180 kwa dakika 30 hadi 35. Sisi hatukuwa na tanuri. Tulitia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, tukaipasha moto juu ya jiko la makaa, tukaweka chombo cha keki ndani, tukafunika, na juu ya mfuniko tukaweka makaa machache. Kwa njia hiyo yaweza kuchukua dakika 45 au zaidi. Milango na madirisha yawe wazi, kwa sababu hewa ya makaa huua. Keki imeiva ukiichoma katikati kwa kijiti safi nacho kikatoka kikavu.

Twawaambieni ukweli: keki yetu ya kwanza ilitushinda. Tulichanganya kila kitu, tukaona makaa hayajashika, tukaketi kuongea. Keki ikatoka bapa na nzito kama tofali. Baadaye tulielewa sababu. Siki ikikutana na soda hutoa hewa papo hapo, na mapovu hayo ndiyo yanayoiinua keki. Kwa hiyo moto uwe tayari kwanza, kisha ndipo siki na maji vitiwe, na rojo iende motoni bila kukawia. Katika keki nyingine mayai husaidia kushika hewa na kuimarisha keki. Katika hii, kazi hiyo hufanywa na ngano yenyewe inapoiva.

Mara ya pili hatukuoka kwetu. Tuliomba ruhusa kuoka jikoni kwa mama yule, kwa vyombo vyake na mwiko wake, kwa maana vyombo vyetu vilikuwa vimezoea mayai na siagi, na hata mabaki kidogo kwenye mwiko yaweza kumdhuru mtoto. Kakao tulimwonyesha kabla ya kufungua, naye akasoma maandishi yote ya pakiti, kwa sababu kuna kakao za kunywa zilizotiwa maziwa ya unga. Hakuna aliyekasirika kwamba tunachunguzwa. Siki ikamiminwa, rojo ikaanza kutoa mapovu, na mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka. Keki ikaumuka. Mama akaionja kwanza yeye, kisha akamkatia mwanawe.

Siku ya zawadi ilipokaribia, tulikutana kupanga. Hapo ndipo palipozuka neno. Wengine walisema mtoto huyo aokewe keki yake ndogo, nasi tuendelee na zetu. Mbona watoto arobaini wakose mayai kwa ajili ya mmoja? Lilikuwa neno la akili, na tulilipima. Lakini mzee mmoja kati yetu, mama mwenye wajukuu wengi, alitukumbusha habari ya Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya vyakula. Jambo lao lilikuwa la dhamiri, si la mzio, lakini uamuzi wa Paulo ulitufaa: alikuwa radhi kuacha kula nyama kabisa kuliko kumponza ndugu yake. "Na sisi," akasema bibi, "twashindwa kuacha mayai kwa saa moja?"

Tukakubaliana. Mwaka ule keki zote za mezani zilikuwa za namna moja, tena ziliokwa jikoni kwa mama yule. Watoto hawakugundua lolote, ila waliomba nyongeza. Yule mtoto alipopewa sahani yake aliishika kwa mikono miwili asile. Akamtazama mwenzake aliyeketi upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akamwuliza mama yake, "Na hawa wanakula hii hii yangu?" Mama akaitika kwa kichwa. Ndipo akala.

Wapendwa, hapo twarudi Sarepta. Mjane yule alimlisha mgeni kwa vile vilivyokuwamo katika pipa lake na chupa yake, na kwa vitu hivyo vidogo Mungu aliitunza nyumba nzima. Hatusemi kwamba unga wetu haukupunguka kama wake. Uliisha, tukanunua mwingine. Lakini kwa miaka mingi tulidhani kwamba ukarimu ni kuweka vingi mezani, kumbe mtoto wa mwenzetu alikuwa akikaa na njaa mbele ya wingi wetu. Eliya alimwambia yule mama anachohitaji, naye alisikia. Sisi tuliambiwa mara nyingi, tukaona kujua kwetu kupika kunatosha.

Jumapili hii, msikilizaji, tazama benchi la karibu na mlango katika kanisa lako. Yuko nani pale? Huenda si mzio wa mayai unaomweka kando. Huenda ni mzee asiye na meno ya kutafunia nyama unayomwandalia. Huenda ni mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kila nyumba humlazimisha chai tamu na kumwona ana maringo akikataa. Usianze kwa kumpikia. Anza kwa kumwuliza, na akikujibu, umwamini.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemwona mjane na mwanawe katika nchi ya ukame, twakushukuru kwa unga, mafuta na maji. Utusamehe tulipowadharau wale ambao shida yao hatukuielewa. Wabariki watoto ambao vyakula vya wengine huwadhuru, na mama zao wanaokesha kwa ajili yao. Tupe masikio ya kusikia kabla mikono yetu haijaanza kugawa, ili katika nyumba yako asiwepo anayeketi kando ya meza. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.