Muislamu Anapomtetea Mbaha'i: Kuaminiana, Shaka na Gharama ya Uadilifu

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa dini na walimu, Ihanda, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe)



1. Utangulizi

Mada niliyopewa inahusu kuaminiana na kutiliana shaka pale Waislamu wanapojitokeza kutetea haki za Wabaha'i. Huenda mtu akauliza suala hilo linatuhusu nini sisi wa Ihanda, ambao mazungumzo yetu ya kila siku ni kahawa, mbolea, ada za shule na foleni ya malori kwenda Tunduma. Linatuhusu kwa sababu katika vijiji vingi vya Mbozi makanisa ni mengi kuliko misikiti, wakati Pwani na Visiwani hali ni kinyume. Kila mmoja wetu ni wa wengi mahali fulani na wa wachache mahali pengine. Anayesoma vizuri habari za Wabaha'i anajifunza namna ya kuishi katika hali zote mbili.

Hoja yangu ni hii: kutetea haki ya mtu si kuikubali dini yake. Na mtetezi haaminiwi kwa utamu wa maneno yake. Huaminiwa kwa gharama aliyokubali kulipa na kwa kutobadilika kwake wakati upepo unapogeuka. Nazungumza nikiwa Muislamu ninayeshika itikadi yangu bila kuipunguza hata chembe.

2. Wabaha'i ni nani na tofauti iko wapi

Dini ya Baha'i ilianzia Uajemi. Mwaka 1844, mjini Shiraz, kijana aliyejiita Bab alitangaza ujumbe mpya. Akauawa kwa kupigwa risasi mjini Tabriz mwaka 1850. Baada yake alikuja Baha'u'llah, aliyehamishwa kwa nguvu kutoka nchi moja hadi nyingine: Baghdad, Istanbul, Edirne, na mwisho mji wa Akka alikofikishwa mwaka 1868 akiwa mfungwa wa dola ya Uthmaniya. Huko ndiko alikofariki mwaka 1892.

Afrika Mashariki dini hii imekuwepo kwa miongo mingi. Wahubiri wake waliingia Tanganyika na Uganda mwaka 1951, na hekalu lao la mlima Kikaya, Kampala, lilifunguliwa Januari 1961.

Tofauti ya itikadi tuiseme wazi. Sisi Waislamu tunaamini kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) ndiye wa mwisho wa manabii, kama inavyofundishwa katika Suratul Ahzab, aya ya 40. Wabaha'i wanaamini kwamba baada yake amekuja mjumbe mwingine. Hapo hapana njia ya katikati, na anayedai kwamba tofauti hiyo ni ndogo hazitendei haki dini zote mbili. Lakini swali la semina hii ni jingine: je, tofauti hiyo inampa mtu ruhusa ya kumnyima jirani yake shule, kaburi, kitambulisho au uhai?

Nchini Iran jibu la watawala limekuwa ndiyo. Tangu mapinduzi ya mwaka 1979, Wabaha'i zaidi ya 200 wameuawa. Tarehe 18 Juni 1983, mjini Shiraz, wanawake 10 walinyongwa kwa siku moja, na miongoni mwao alikuwamo Mona Mahmudnizhad, binti aliyekuwa hajafikisha miaka 18. Vijana wa Kibaha'i wamefungiwa milango ya vyuo vikuu, ndiyo maana jamii yao ilianzisha mafunzo yake ya chuo majumbani mwaka 1987.

3. Shaka hutoka pande tatu

Muislamu anayesimama kuwatetea hukutana na shaka kutoka pande tatu.

Upande wa kwanza ni watu wake mwenyewe. Wanamuuliza: amebadili dini? Amehongwa? Mbona hawasemei Waislamu wanaoonewa kwingineko? Dola hupenda sana shaka hii na huipalilia. Mwaka 2008, nchini Iran, Shirin Ebadi, mwanasheria Muislamu aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2003, alikubali kuwatetea viongozi saba wa Wabaha'i waliokuwa wamekamatwa. Haukupita muda mrefu, shirika la habari la serikali likadai kwamba binti yake amejiunga na dini ya Baha'i. Ebadi alikanusha. Madai yale hayakugusa ushahidi wa kesi wala kifungu cha sheria. Yalilenga kuwafanya Waislamu wamuone kuwa si mwenzao. Desemba mwaka huohuo ofisi za kituo chake cha haki za binadamu zikafungwa.

Upande wa pili ni siasa. Kwa kuwa makaburi matakatifu ya Wabaha'i yako Akka na Haifa, ndani ya Israeli ya leo, wanaitwa majasusi, na anayewatetea huitwa mshirika wa majasusi. Tarehe zinatosha kulijibu hilo: Baha'u'llah alipelekwa Akka akiwa mfungwa mwaka 1868, na dola ya Israeli ilitangazwa mwaka 1948. Ilikuwa miaka 80 baadaye.

Upande wa tatu ni wanaotetewa. Huu tunausahau, nao ndio unaouma zaidi. Mbaha'i ambaye kaka yake alinyongwa na dada yake akafukuzwa chuo ana haki ya kuuliza: ulikuwa wapi? Unatutetea kwa sababu ni watu, au kwa sababu leo na wewe umegombana na watawala? Kesho ukipewa cheo utatukumbuka? Maswali hayo si utovu wa shukrani. Aliyeumia mara nyingi anao wajibu kwa watoto wake wa kumpima anayemkaribia.

4. Watu waliolipa gharama

Ayatollah Hossein-Ali Montazeri alikuwa mmoja wa wajenzi wa Jamhuri ya Kiislamu ya Iran na aliandaliwa kumrithi kiongozi wake mkuu, Khomeini. Mwaka 1989 alienguliwa baada ya kulaani mauaji ya wafungwa ya mwaka 1988, na baadaye akawekwa kizuizini nyumbani kwake katika mji wa Qom tangu 1997 hadi 2003. Mei 2008 alitoa fatwa kuhusu Wabaha'i. Hakusema dini yao ni ya mbinguni. Kwa mtazamo wake wao si Ahlul Kitabu, yaani watu wa Kitabu. Lakini akasema ni wenyeji wa nchi ile, wana haki katika ardhi na maji yake, wana haki za uraia, na wanastahili huruma ya Kiislamu.

Tukae kidogo na fatwa hiyo. Wako waliosema ni ndogo mno, kwa kuwa mzee hakubadili kauli yake kuhusu dini yenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wake. Angewasifu Wabaha'i, wenzake wangesema amepotoka, na hoja ingeishia hapo. Alibaki kuwa mwanachuoni wa Qom katika kila neno, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuikataa itikadi ya mwenzake na bado akawajibika kulinda haki yake. Na Wabaha'i waliokumbuka kwamba mwaka 1983, wanawake wale wa Shiraz waliponyongwa, alikuwa karibu na kiti cha enzi nao wana haki ya kukumbuka. Fatwa haikufuta miaka ile; ilifungua njia, na njia hupimwa kwa kupitika.

Wengine wakaipita. Aprili 2014, Ayatollah Abdol-Hamid Masoumi-Tehrani, mwandishi stadi wa hati za mapambo, aliandika kwa mkono maneno ya Baha'u'llah na kuwazawadia Wabaha'i wa dunia. Alikuwa amewahi kufungwa kwa misimamo yake na alijua anachokifanya. Mei 2016, Faezeh Hashemi, binti wa Rais wa zamani wa Iran, Rafsanjani, alimtembelea Fariba Kamalabadi, mmoja wa wale viongozi saba, alipopewa ruhusa fupi ya kutoka gerezani. Walifahamiana wakiwa wafungwa. Picha ya ziara hiyo ilizua kelele nchi nzima, na baba yake mwenyewe akasema hadharani kwamba binti amekosea. Na kutoka Bahrain, Esra'a Al Shafei aliwaunganisha vijana Waislamu katika mtandao wa kutetea haki za Wabaha'i, wakiitumia wazi sifa yao ya Uislamu.

Misri inatufundisha jambo jingine. Huko kitambulisho cha taifa huandikwa dini, na dini zinazokubaliwa ni Uislamu, Ukristo na Uyahudi. Mbaha'i aliyekataa kudanganya alikosa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, ajira wala kumwandikisha mtoto shule. Wanaharakati wa haki za binadamu wa Misri, Hossam Bahgat akiwa mstari wa mbele, walikwenda mahakamani. Walishindwa Desemba 2006. Wakarudi, na Machi 2009 mahakama ya juu ya utawala ikaruhusu mahali pa dini pawekwe mstari mtupu. Mwezi huohuo, katika kijiji cha Shuraniya, mkoa wa Sohag, nyumba za Wabaha'i zilishambuliwa na kuchomwa moto. Hukumu ya mahakama huleta haki; kuaminiana kijijini kunajengwa na wanakijiji. Hapa kwetu kitambulisho cha NIDA hakiandikwi dini. Tuithamini neema hiyo.

5. Mizizi ndani ya Uislamu

Masheikh wangu, sisi hatuhitaji kuazima hoja. Kabla ya utume, Mtume wetu alihudhuria mjini Makka mapatano ya Hilful Fudhul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa bila kuuliza kabila lake. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alisema angeitwa tena katika jambo kama lile angeitika. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani.

Kisha kuna Najashi wa Uhabeshi. Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makuresh wa Makka walihamia kwake, mfalme Mkristo, hapahapa Afrika Mashariki. Makuresh wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib, akakataa kuwatoa wageni wake, akarudisha zawadi. Wanahistoria wetu wanasimulia kwamba watu wake walimshuku kuwa ameiacha dini yao. Kwa hiyo shaka anayotupiwa mtetezi wa leo ni kongwe, na Waislamu wa kwanza walikuwa ndio waliotetewa. Nasi tuliokolewa na mtu asiye wa dini yetu; vipi leo tuone ajabu Muislamu akimwokoa asiye wa dini yake?

6. Mlangoni petu

Septemba 1977, Idi Amin alipiga marufuku vikundi vya dini zaidi ya 20 nchini Uganda, Wabaha'i wakiwemo pamoja na madhehebu mengi ya Kikristo. Marufuku hiyo iliondoka na utawala wake baada ya Kampala kuangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda Aprili 1979. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia na Msumbiji wakiteswa kwa kukataa kadi ya chama. Kumbe mkono uliomgusa Mbaha'i uligusa pia wafuasi wa Kristo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Uko pia mfano wa kutia moyo. Desemba 2015, karibu na El Wak, Mandera, kaskazini mwa Kenya, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wakristo waliotoka hai ndani ya basi lile hawakuhitaji kuthibitishiwa kama Waislamu wale walikuwa wakweli.

7. Mapendekezo

Kwa hayo napendekeza mambo matano:

(a) Mtetezi aseme wazi itikadi yake na asiifiche. Anayeficha anapotofautiana huibua shaka pande zote.

(b) Amwachie anayetetewa aseme mwenyewe anachotaka. Wabaha'i wa Misri waliukubali ule mstari mtupu. Mtetezi hana haki ya kuwachagulia.

(c) Asidai shukrani wala haraka ya kuaminiwa. Aliyechelewa kufika avumilie kuulizwa alikuwa wapi.

(d) Kipimo kiwe kimoja. Muislamu anayemtetea Mbaha'i wa Shiraz amtetee pia Muislamu aliye wachache Mbozi, na Mkristo aliye wachache Visiwani. Nanyi wachungaji, mnaodai uhuru wa Wakristo kwingineko, mlindeni jirani yenu Muislamu hapa.

(e) Walimu wafundishe Ibara ya 19 ya Katiba yetu, inayofanya dini kuwa hiari ya mtu binafsi, kwa mifano ya watu halisi, ili mwanafunzi ajue kwamba ibara hiyo inamlinda yeye na yule asiyekubaliana naye.

8. Hitimisho

Ndugu zangu, shaka haiondolewi kwa matamko ya semina, hata hii. Inapunguzwa na mtu anayefanya lililo sawa akijua atasemwa nyumbani, atashukiwa anakokwenda, na pengine hatalipwa chochote. Kwa Waislamu wenzangu nasema: uadilifu kwa Mbaha'i ni sehemu ya dini yetu, haupunguzi kitu katika shahada yetu. Kwa Wakristo nasema: msisubiri zamu yenu ya kuwa wachache ndipo mjifunze haya. Tukirudi majumbani, kila mmoja wetu amtafute jirani wa dini asiyoijua, amuulize anapungukiwa na haki gani, kisha alifanyie kazi jibu atakalopewa.